USIACHE MBACHAO KWA MSALA UPITAO: JINSI TULIVYOFUFUA MASHINE YA SAMADI

Leo ningependa tujifunze kutengeneza mashine kuukuu ya kutawanya samadi. Usicheke, ndugu msomaji. Soma kwanza.

Kwetu ni viungani mwa Kitale. Kila Februari, kabla ya mvua za masika, sisi hubeba samadi kwa mkokoteni na kuitawanya kwa beleshi. Mimi ni mwanafunzi wa kutwa, kwa hivyo watu wa nyumbani hawaoni ugumu kusema, "Leo ubaki." Nikiwa kidato cha pili nilikosa shule siku nne, na jaribio la hesabu likanipita. Sikuwa mgonjwa, ni samadi tu!

Nyuma ya boma kulikuwa na mashine ambayo babu aliikuta aliponunua shamba. Kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu alikuwa tayari ameshaitolea bei. Nikamwomba babu anipe likizo ya Agosti tu. Akasema, "Haya mjukuu wangu, lakini ikikushinda, inauzwa."

Mashine hii ni trela ya magurudumu mawili, na haina injini. Magurudumu yakizunguka, huvuta cheni mbili za sakafuni, moja kushoto na nyingine kulia. Cheni hizo zimeunganishwa kwa vyuma vinavyokokota samadi hadi nyuma. Huko kuna rola yenye meno ambayo huipasua na kuirusha.

Kazi tuliifanya hivi:

Kwanza, tuliwahamisha kuku, tukakwangua samadi kavu na kutu kwa brashi ya waya.

Pili, tulimwagia nati dizeli tukaziacha usiku kucha. Asubuhi nyingi zilikubali spana.

Tatu, mbao za sakafu zilikuwa zimeoza, tukaweka mpya za saipresi.

Nne, tuliosha beringi na kuzitia grisi. Meno matatu ya rola yalikuwa yamekatika, kwa hivyo fundi wa jua kali alituchomelea mengine.

Tano ni cheni, na hapa ndipo nilipoteleza. Cheni ya kushoto ilikuwa imelegea. Nikaondoa pete mbili upande huo, ya kulia nikaiacha. Tulipofunga ng'ombe, vyuma vya sakafuni vilikwenda upande, vikakwama, na kimoja kikapinda. Babu hakusema neno, ila alitazama barabara ya mnunuzi. Usiku sikulala. Kesho yake nilihesabu pete za pande zote mbili, nikazisawazisha, kisha nikakaza taratibu. Mashine ikaenda! Kumbe cheni hizi ni pacha: ukimlisha mmoja, mlishe na mwenzake.

Tahadhari: usitie mkono wala kupanda ndani ng'ombe wakiwa wamefungwa. Wakipiga hatua moja tu, meno nayo huzunguka. Ukimaliza kazi, ioshe na kuipaka oili, kwani samadi hula chuma.

Februari mwaka huu tulijaza trela nusu nusu ili ng'ombe wasichoke, tukamaliza shamba kwa Jumamosi mbili. Sikukosa shule hata siku moja.

Baadaye nilisoma jambo lililonishangaza. Mashine inayorusha samadi kwa upana ilibuniwa mwaka wa 1899 na Joseph Oppenheim huko Maria Stein, jimbo la Ohio, Marekani. Alikuwa nani? Mwalimu! Alihuzunika kuona wavulana wake wakubwa wakikosa shule kwa sababu ya kutawanya samadi. Basi nikajua kwamba mimi si wa kwanza, na kwamba mashine ile, tangu kuzaliwa kwake, ilikusudiwa kumrudisha mwanafunzi darasani.

Mwenzangu, kabla chuma cha kwenu hakijapandishwa kwenye mizani, kichunguze. Huenda siku zako za shule zimelala ndani yake pamoja na kuku.