Programu Mbadala ya Eneo-kazi na Mafaili ya Usanidi

Ukiulizwa maana ya kusakinisha programu, usiishie kuandika "kunakili mafaili kwenye diski". Hiyo ni nusu ya jibu.

Chukua Windows 3.1 ya mwaka 1992. Inapofunguka husoma faili la SYSTEM.INI, na kwenye sehemu ya boot hukuta mstari huu:

shell=progman.exe

Mstari huo ndio unaoamua mtumiaji aone eneo-kazi gani. Ukisakinisha programu mbadala, mfano Norton Desktop, kisakinishi huondoa jina progman.exe kwenye mstari na kuweka la kwake. Faili lenyewe la progman.exe hubaki kwenye diski. Programu nyingine hujiandika pia katika WIN.INI, mistari ya load= na run=.

Swali: Mwanafunzi wa Samuye aliona diski ya kompyuta ya shule imejaa, akafuta folda yote ya programu mbadala. Kesho yake Windows ikagoma kufunguka. Eleza sababu na urekebishaji. (Alama 5)

Jibu: Folda imefutwa, lakini shell= bado inataja programu isiyokuwepo. Windows huitafuta, huikosa, husimama. Kwenye DOS andika EDIT C:\WINDOWS\SYSTEM.INI, rudisha progman.exe, hifadhi, kisha washa upya. Ukijibu "kufomati diski" umekosa, tena umefuta kazi za darasa zima ambazo hazikuwa na tatizo lolote.

Katika Windows XP mpangilio huo uko kwenye rejista, sehemu ya Winlogon, na jina la kawaida ni Explorer.exe.