Jaketi Okozi la Mvuvi wa Tyubu: Mafunzo Niliyopata

Kuvua kwa tyubu ni mchezo uliozoeleka kwenye mabwawa na maziwa ya milimani magharibi mwa Marekani. Tyubu yenyewe ni boya lenye umbo la U, limevikwa nailoni na lina kiti katikati. Mvuvi huvaa suruali isiyopitisha maji inayofika kifuani, hutia mapezi miguuni, huketi, kisha hupiga miguu na kwenda kinyumenyume huku mikono yake ikiwa huru kushika fimbo na mshipi. Hakuna injini, na chombo chote hubebeka mgongoni. Mimi niliujulia Utah baada ya kuhama Mwanza, na maji ninayoyafahamu zaidi ni ya bwawa la Strawberry, lililo mita kama 2,300 juu ya usawa wa bahari, ambako watu hufuata samaki aina ya trauti. Niliyojifunza huko kuhusu jaketi okozi yote yanashikana na jambo moja: jaketi la tyubu huchaguliwa kwa mwili ulioketi, si kwa mwili uliosimama mbele ya kioo cha dukani.

1. Tyubu si jaketi

Wapo wanaosema: nimekalia hewa tupu, jaketi la nini? Mzee mmoja aliyekulia Uvira, kando ya Ziwa Tanganyika, alinikuta nikijaza tyubu yangu akaniuliza, "Mwanangu, hiki kiti kikipasuka, utabaki na nini?"

Tyubu nyingi za siku hizi zina mifuko kadhaa ya hewa, hivyo mmoja ukitoboka mingine hubaki. Lakini boya kuelea ni jambo moja, na mtu kubaki amekaa juu yake ni jingine. Upande mmoja ukilegea, chombo huinama na kumwaga aliyekikalia. Na vya kuulegeza havikosekani: ndoana, valvu iliyolegea, zipu iliyochakaa.

Milimani kuna sababu ya ziada. Jiji la Salt Lake City, huko huko Utah, liko mita kama 1,300 juu ya bahari, chini sana kuliko Strawberry. Ukijaza tyubu nyumbani hadi ikakaza, kisha ukapanda nayo mlimani, msukumo wa hewa ya nje hupungua na hewa ya ndani hutanuka, na jua huongezea. Mshono dhaifu huachia hapo. Ukiishusha kwenye maji baridi, hewa ileile hunywea na kiti kikalegea. Ndiyo maana mimi hujazia ufukweni, huiacha tyubu majini kidogo, kisha huongeza kilichopungua.

2. Anza na lebo, rangi baadaye

Mtu mzima wa kawaida huhitaji nguvu ya ziada ya kuelea ya kilo 3 hadi 5 na nusu hivi ili kichwa chake kikae juu ya maji, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwili huelea yenyewe. Kiasi halisi hutegemea mafuta ya mwili, mapafu na nguo. Kwa hiyo mtu mwembamba mwenye misuli anaweza kuhitaji nguvu zaidi kuliko mnene, ingawa wengi hudhani kinyume.

Lebo za siku hizi hutaja nguvu hiyo kwa nyutoni: 50, 70, 100, 150. Nyutoni 70 ni sawa na kilo 7 hivi, na hapo ndipo yalipo majaketi mengi ya sponji ya wavuvi wa Marekani, ambayo lebo za zamani huyaita "Type III". Yanamtosha mtu mwenye fahamu kwenye maji yaliyotulia, lakini usitegemee yamgeuze aliyezimia atazame juu. Jaketi la 150 limekusudiwa kumgeuza, ingawa huwa kubwa zaidi likiwa la sponji. La 50 ni la mwogeleaji ambaye msaada uko karibu, na mvuvi wa tyubu mara nyingi yuko peke yake katikati ya bwawa.

Lebo hutaja pia vipimo vya mwili. Mtu mzima hupimwa kifua, mtoto hupimwa uzito. Jaketi la kaka mtu si la mdogo wake "atakayelikulia".

3. Mgongo ndio unaoamua

Hapa ndipo tyubu inapotofautiana na mashua. Kiti chake kina egemeo linaloanzia kiunoni hadi katikati ya mgongo. Jaketi la kawaida lina sponji nene sehemu hiyohiyo. Ukiketi, sponji hugongana na egemeo, kifua husukumwa mbele, na jaketi lote hupanda hadi mabegani likakukaba kidevu. Baada ya saa moja shingo inauma, na mkono unaanza kutafuta zipu wenyewe.

Dawa yake ipo. Watengenezaji wa majaketi ya kayaki walishakutana na tatizo hili kwa sababu ya viti vyenye egemeo refu, wakapandisha sponji ya nyuma hadi kwenye mabega na kuacha wavu mtupu au sponji nyembamba chini yake. Jaketi la namna hiyo hukaa juu ya egemeo bila ugomvi. Mbele nako kutazamwe: tyubu ina kitambaa cha kuwekea mshipi juu ya mapaja, na jaketi refu hukunjamana juu yake. Jaketi fupi ndilo linalofaa.

Dukani, omba kiti chenye egemeo. Vaa nguo nzito utakazovulia, juu yake suruali ya maji, kisha jaketi. Keti, egemea, rusha fimbo ya kubuni, geuka utazame nyuma, maana nyuma ndiko utakakokuwa ukienda.

4. Jaketi la gesi lina masharti yake

Majaketi yanayojazwa na mtungi mdogo wa kaboni dioksidi ni mepesi, hayana joto, na yakijaa huelea kwa nguvu kuliko ya sponji. Kwenye mashua nayapenda. Kwenye tyubu, ambako nusu ya mwili imo majini tangu unapoondoka ufukweni, kuna mambo ya kuuliza kwanza.

Je, linajijaza lenyewe? Baadhi hutumia kidonge kinachoyeyuka kikilowa, na kidonge hakitofautishi mtu aliyeanguka na mtu aliyerushiwa maji ya mawimbi. Mengine husubiri msukumo wa maji, kwa hiyo hayashtuki kwa matone. Je, ni la kiunoni? Mkanda wa kiunoni hukaa majini muda wote, chini ya kitambaa cha mapajani, na ukishavuta kamba ya kulijaza bado unatakiwa kulipitisha jaketi kichwani. Hiyo ni kazi nyingi kwa mtu aliyepinduka akiwa na mapezi miguuni.

Ukiamua kulichukua, chagua la mabegani, na kila safari hakikisha mtungi umekazwa, haujatobolewa, na alama ya tayari ni ya kijani. Marekani majaketi haya hayajaidhinishwa kwa walio chini ya miaka 16, na asiyejua kuogelea achukue sponji. Sponji haihitaji kukumbuka kuvuta kamba, na ndoana ikiichoma hakuna kinachotoka.

5. Baridi haikupi nafasi ya kuvaa

Mwezi Mei, maji ya Strawberry yanaweza kuwa yametoka tu kuvua barafu. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Kanada, amefundisha kwa miaka mingi kanuni ya 1-10-1: dakika 1 ya kuitawala pumzi inayokatika kwa mshtuko, dakika kama 10 za vidole na mikono kufanya kazi ya maana, na saa 1 hivi kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi. Dakika ile ya kwanza ndiyo inayowameza hata waogeleaji hodari, kwa kuwa huvuta pumzi bila kutaka wakati uso umo majini. Jaketi lililofungwa nyuma ya kiti halina msaada wowote katika dakika hiyo.

Suruali ya maji nayo ina hadithi zake. Husemwa kwamba ikijaa humvuta mtu chini. Maji ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Uzito huja unapojaribu kutoka. Hatari nyingine ni hewa iliyobaki miguuni, ambayo huinua miguu wakati unataka kichwa ndicho kiwe juu. Funga mkanda juu ya suruali ili maji yachelewe kuingia, na uwe na jaketi linaloinua kifua.

6. Jaribio la mabega na la maji mafupi

Kaza mikanda yote kuanzia ya chini kwenda juu. Mwombe mwenzako alivute jaketi juu kwa kushika mabega yake. Likifika masikioni ni kubwa, au halijakazwa. Kisha ingia sehemu ya maji mafupi ukiwa na tyubu na mtu wa kukusimamia, ufungue vifungo vya mbele na kujitoa kwenye kiti kwa makusudi. Hapo utajua kama vifungo vya jaketi vinanasa kwenye vya tyubu. Vikinasa, badilisha jaketi.

7. Kuonekana ni sehemu ya kuokolewa

Mvuvi wa tyubu huonekana mabega na kichwa tu. Dereva wa boti anayetazama jua la asubuhi hawezi kumtofautisha na gogo. Rangi ya kijani ya kujificha iachiwe wawindaji wa bata. Chukua rangi ya machungwa au njano kali, funga kipyenga begani, na usijaze mifuko vyuma vizito.

8. Mpangilio wa matumizi

Sheria za majimbo ya Marekani hazifanani kuhusu vyombo hivi, hivyo soma za bwawa unalokwenda, ila usisubiri sheria ikuvalishe. Kama mfuko hauruhusu vyote, nunua kwanza jaketi la sponji lenye wavu mgongoni, kisha mkanda wa suruali, kisha mapezi mazuri ya kukurudisha upepo wa mchana ukianza. Fimbo ya bei iwe ya mwisho: trauti haulizi bei yake.