Harufu ya Choo Katika Mashua ya Tanga: Ondoa Chanzo, Usiifunike

Manukato hufunika harufu ya choo cha mashua kwa muda tu. Kabla ya kuyanunua, tunakushauri uchunguze mambo matatu.

Kwanza, maji ya bahari yanayosalia mabombani. Viumbe vidogo vilivyomo hufa na kuoza, vikitoa gesi inayonuka kama yai viza. Unapoiacha mashua kwa siku kadhaa, suuza choo kwa maji yasiyo na chumvi, ukipiga pampu hadi yafike kwenye tangi la majitaka.

Pili, bomba la hewa la tangi. Likiziba, bakteria wasiohitaji hewa hustawi na gesi hiyo huongezeka. Lizibue mara kwa mara.

Tatu, mipira ya majitaka. Ifunge kitambaa kilicholowa maji ya moto. Kitambaa kikipoa kisha kikanuka, harufu imeupenya mpira. Ubadilishe.

Tahadhari: gesi hiyo ikizidi hupoteza uwezo wa kunusa, na inaweza kuua. Kutosikia harufu si dalili ya usalama. Kamwe usiingize kichwa ndani ya tangi.