"Frateri, kwa nini mwanangu anasugua benchi?"



Kijana mwenzangu, kama parokiani kwenu umewahi kuombwa uwafundishe watoto mpira wa miguu au netiboli, hali unaijua. Mshahara hakuna. Unakabidhiwa filimbi, mipira miwili (mmoja unavuja upepo) na baraka za paroko. Watoto wenyewe hawasumbui sana, ukisema wakimbie wanakimbia. Kazi ipo pembeni mwa uwanja, kwenye kivuli, wanakosimama wazazi.

Mimi nipo kwenye mwaka wa kichungaji baada ya kumaliza falsafa, na kila Jumamosi jioni nawafundisha wavulana wa chini ya miaka 13. Maneno haya nimeyazoea: "Frateri, kwa nini mwanangu anasugua benchi?" "Frateri, huyu ni namba tisa, wewe unamweka beki!" "Frateri, mtihani wa darasa la saba umekaribia, mpira sasa basi."

Leo tujifunze namna ya kumpokea mzazi wa namna hii bila kugombana naye, na bila kumsahau mtoto aliye katikati.

1. Mama aliyewaombea wanawe namba

Fungua Biblia yako, Mathayo 20:20-28. Mama wa Yakobo na Yohane, mke wa Zebedayo, anamwendea Yesu pamoja na wanawe. Anataka mmoja akae kuume na mwingine kushoto katika ufalme wake. Kwa lugha ya uwanjani, mama anawaombea wanawe namba za kudumu kwenye kikosi cha kwanza.

Angalia Yesu anavyofanya, hatua kwa hatua. Kwanza, hamfukuzi. Anamuuliza anataka nini. Pili, jibu lake linawageukia vijana wenyewe: je, wao wanaweza kukinywea kikombe chake? Wanajibu kwa midomo yao. Tatu, anasema wazi kwamba nafasi zile si zake kuzigawa, Baba ndiye aliyeziandaa. Hatoi ahadi ili mama aondoke na furaha.

Na wale mitume kumi wengine? Walikasirika. Unaona ilivyo? Mzazi mmoja akiomba upendeleo, timu nzima inachafuka. Yesu akawaita wote pamoja, akawafundisha kwamba anayetaka kuwa mkubwa awe mtumishi.

Swali, jibu la mtoto, mpaka ulio wazi. Hayo matatu ndiyo somo letu la leo.

2. Wazazi wanataka nini hasa?

Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nyuma ya makelele mengi kuna upendo, ila umechanganyika na mambo mengine. Mimi nimewaona wazazi wa aina tatu.

*Anayetaka ushindi.* Huyu anataka mtoto afanye mazoezi asubuhi na jioni, na akikosa goli ni matusi. Aristotle aliliona jambo hili zamani sana. Katika kitabu chake cha Siasa anasema kwamba ukitazama orodha ya washindi wa michezo ya Olimpia, utapata wawili au watatu tu walioshinda wakiwa watoto na wakashinda tena walipokuwa watu wazima. Sababu anayoitoa ni kwamba mazoezi ya kulazimishwa utotoni yaliwamaliza nguvu. Mzazi wa aina hii ukimwambia "mtoto anachoka", atasema wewe ni mlegevu. Mwambie hivi: "Mzee, tukimkamua sasa, akifika miaka 18 hatutakuwa naye uwanjani."

*Anayeona mchezo ni kupoteza muda.* Huyu usimdharau, karo na mitihani anaijua yeye. Lakini Mtakatifu Thomas wa Akwino anafundisha kwamba roho nayo huchoka na huhitaji kupumzika, na kwamba kucheza kwa kiasi ni jambo la fadhila. Anasimulia habari ya Mtume Yohane: watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwambia mmoja wao aliyekuwa na upinde arushe mshale. Alipokwisha kurusha mingi, akamuuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kupumzika. Akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na akili ya mtu, akasema Yohane. Na huyu Yohane ni yule yule mtoto wa Zebedayo!

*Mfadhili.* Huyu amenunua jezi au amelipa nauli ya kwenda kucheza kigango cha jirani. Hasemi moja kwa moja, lakini anasubiri mtoto wake acheze anapotaka yeye. Huyu ndiye anayetutesa zaidi, kwa sababu timu inamhitaji kweli.

Baba mmoja aliyetununulia jezi alinijia hivyo. Alitaka mwanawe awe namba tisa mechi zote. Nilimwamkia, tukakaa, nikamuuliza: "Mzee, ungependa mwanao apate nini hapa?" Alinyamaza kidogo. Akasema yeye utotoni alikuwa anajua mpira, ila hakupata mtu wa kumshika mkono. Basi tukamwita mtoto, akaulizwa mbele yetu wote wawili. Akajibu polepole, macho chini: "Mimi napenda kuwa kipa."

Baba hakufurahi. Jezi hakuzidai, lakini wiki mbili hakuonekana uwanjani. Mtoto alikuja zote mbili, akadaka. Wiki ya tatu baba alirudi, akasimama nyuma ya goli. Anapiga kelele bado, lakini sasa ni za kumwambia mwanawe atoke mapema.

3. Mambo sita ya kufanya

a) *Kaa na wazazi kabla ya msimu.* Awepo na mlezi wa Utoto Mtakatifu au katekista. Semeni kanuni chache: kila mtoto aliyehudhuria mazoezi atacheza, na mambo ya namba hayazungumzwi siku ya mechi. Ukiulizwa uwanjani, jibu ni moja: "Karibu kesho baada ya Misa, tuongee vizuri."

b) *Tumia mabadiliko.* Sheria za mpira zinaruhusu katika soka la watoto na vijana mchezaji aliyetolewa arudi tena uwanjani, chama cha soka kikiwa kimeridhia. Kubalianeni na kocha mwenzako na refa kabla ya kuanza. Andika kwenye daftari nani kacheza dakika ngapi. Mzazi akilalamika, mfungulie daftari.

c) *Shikamoo kwanza.* Una miaka 24, yeye ni rika la baba yako. Kuwa na filimbi hakukuondolei adabu. Heshima ikitangulia, hata "hapana" yako itasikika.

d) *Uliza kabla ya kujitetea.* "Mama, unataka apate nini?" Halafu sikiliza mpaka mwisho. Huenda ana hoja ya kweli: mtoto anarudi nyumbani usiku, au ana pumu na hukuambiwa.

e) *Weka mpaka bila hasira.* "Baba, jezi tunashukuru sana. Nafasi uwanjani siigawi kwa jezi." Halafu nyamaza. Usiongeze maneno.

f) *Usibebe peke yako.* Mzazi akitukana watoto au akitishia kupiga, simamisha mchezo, mwite mtu mzima mwingine, mpe taarifa paroko. Ukiona dalili kwamba mtoto anaumizwa nyumbani, hilo si suala la mpira tena. Hapa Tanzania namba ya kusaidia watoto ni 116, kupiga ni bure.

4. Usimhukumu mapema

Nenda sasa Mathayo 27:56. Yesu yuko msalabani. Wanafunzi wengi walishakimbia. Mathayo anawataja wanawake waliokuwa wakitazama kwa mbali, na mmoja wao ni mama wa wana wa Zebedayo. Yule aliyeomba viti! Pale palikuwa na watu wawili kuume na kushoto kwa Yesu, nao walikuwa wamesulubiwa. Sijui aliwaza nini akiwatazama. Ninachojua ni kwamba hakuondoka.

Mzazi anayekusumbua leo huenda ndiye atakayebaki timu ikifungwa sita bila, wakati wale wapole wamekwenda zao. Usimpoteze kwa neno moja la hasira.

Maswali ya kujitafakari

- Mzazi akinijia juu, namfikiria mtoto wake au naifikiria heshima yangu?
- Kuna mtoto kwenye timu yangu ambaye sijawahi kumuuliza yeye mwenyewe anapenda nini?
- Ni mzazi gani ninayepaswa kumtafuta baada ya Misa Jumapili hii?

Tusali

Ee Bwana Yesu, ulimsikiliza mama aliyekuomba makubwa asiyoyaelewa. Utupe masikio ya kusikia na ujasiri wa kusema ukweli kwa upole. Uwalinde watoto hawa, wacheze kwa furaha. Amina.

Mtakatifu Yohane Bosko, rafiki wa vijana, utuombee.