Bibi asiyeonekana kwenye orodha ya meli

Swali: Mume wangu ni wa Pennsylvania. Kwao husimuliwa kuwa bibi wa mababu zao alitoka Ujerumani akashukia Philadelphia miaka ya 1740. Mbona orodha za meli zina mumewe tu?

Jibu: Dada, kutokuwemo kwake hakumaanishi hakusafiri. Tangu 1727, Wajerumani wanaume wa miaka 16 na zaidi waliapishwa utii kwa mfalme wa Uingereza, na orodha nyingi zilizobaki ni za hao walioapa.

Mtafuteni kwenye vitabu vya ubatizo vya makanisa ya Kilutheri na Kireformed. Msiishie kwa wazazi. Wasimamizi wa mtoto mara nyingi walikuwa ndugu wa mama, na hapo ndipo ukoo wake hujitokeza. Aliyebatizwa Anna Barbara, kwa mfano, huenda aliitwa Barbara tu maisha yake yote. Mkiona Müllerin, ni mwanamke wa jina la Müller, la babake au la mumewe.

Kama walikosa nauli, walilipa kwa kutumikia miaka kadhaa. Daftari la mikataba hiyo Philadelphia la 1745–1746 lipo, na wanawake wamo kwa majina.