TELA LA KOROSHO: NANI ALIVUTE, NA LIBEBE KIASI GANI?

Msimu wa korosho ukifika, barabara zetu za Masasi na Newala hujaa magunia. Kuanzia Oktoba matrekta na malori hupanda na kushuka uwanda wa Makonde mchana na usiku. Zamani kulikuwa na reli. Ilitoka Mtwara hadi Nachingwea, na tawi lake likafika Masasi mwaka 1958, lakini ilifungwa mwaka 1962. Tangu hapo mzigo wetu wote unakwenda kwa barabara, na tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, korosho za kila chama cha msingi lazima zisafiri hadi ghala kuu. Ndiyo maana leo tunajifunza habari za tela.

Tuanze na dereva. Katika vijiji vingi utasikia, "Mpe huyo kijana, anajua pikipiki, trekta halimshindi." Hapo tunakosea sana. Leseni ya Tanzania ina herufi, na kila herufi ina kazi yake. Daraja A ni la pikipiki, basi. Mwenye A hana ruhusa ya kushika usukani wa gari wala wa trekta. Daraja B ni la gari dogo la mtu binafsi, si la lori la biashara. Daraja C ni la magari ya abiria. Daraja E ndilo la magari makubwa ya mizigo. Trekta na mitambo ya shambani nayo ina daraja lake. Anayejifunza hupewa leseni ya muda, daraja H, na hana budi kukaa na mtu mwenye leseni kamili anapoendesha. Umri ni miaka 18. Atafanya mtihani mbele ya askari wa usalama barabarani, kisha malipo na kadi ya leseni hushughulikiwa na Mamlaka ya Mapato, yaani TRA. Leseni ina mwisho wake. Chukua leseni ya dereva wenu leo, soma tarehe iliyoandikwa. Ninyi mnajua kusoma, kwa hiyo someni.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: tela ni chombo chenye namba yake. Namba ya trekta haitoshi. Tena ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza kwanza: aliyekuwa anaendesha alikuwa na leseni ya daraja gani? Jibu likiwa baya, deni la korosho zilizomwagika na la mtu aliyevunjika mguu linawarudia wanachama.

Sasa uzito. Hapa tunaomba mshike kalamu na daftari.

Kuna maneno matatu. UZITO MTUPU ni uzito wa tela lenyewe likiwa halina kitu. UZITO WA MZIGO ni uzito wa magunia. UZITO WA JUMLA ni hayo mawili pamoja. Kwenye tela lililotengenezwa kiwandani kuna kibati kidogo, mara nyingi upande wa mbele karibu na mkono wa kuvutia, kinachoonyesha uzito wa jumla unaoruhusiwa. Kifute vumbi, ukisome.

Tuseme kibati kinasema kilo 5,000, na tela tupu lina kilo 1,200. Ondoa 1,200 katika 5,000, unabaki na kilo 3,800. Kama gunia moja la korosho lina kilo 80, gawa 3,800 kwa 80. Unapata 47 na nusu. Basi magunia ni 47. Siyo 48, wala siyo "tuongeze kumi tu, njia ni fupi". Mkipakia 70, mzigo ni kilo 5,600, ongeza tela 1,200, jumla ni 6,800. Mmezidisha kilo 1,800, karibu tani mbili.

Maji ni vilevile. Huku juu Newala maji ni shida ya siku nyingi, na matela hubeba mapipa. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mapipa 20 ya lita 200 ni kilo 4,000. Tena maji yana ubaya wake: tangi likiwa nusu, maji hucheza. Ukifunga breki yanakimbilia mbele, ukikata kona yanaegemea upande mmoja. Tangi la kwenda mteremkoni lijae, au liwe tupu.

Kwa malori makubwa ya barabara kuu kuna sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza Machi 2019. Gari lote pamoja na tela lake lisizidi tani 56. Lakini msifikiri kwamba ukiwa chini ya 56 umepona. Kila ekseli nayo ina kipimo chake. Ekseli ya mbele yenye matairi mawili, tani 8. Ekseli moja ya nyuma yenye matairi manne, tani 10. Mbili zilizoshikana, tani 18. Tatu, tani 24. Kwa hiyo ukirundika magunia upande mmoja, jumla inaweza kuwa halali na ekseli moja ikazidi. TANROADS wanapima vyote viwili.

Kwa nini serikali inahangaika na ekseli? Wataalamu wa barabara walipima huko Marekani kati ya mwaka 1958 na 1960 wakaona jambo la ajabu. Ukiongeza uzito wa ekseli mara mbili, barabara haiumii mara mbili. Inaumia kama mara 16! Na ukitoka tani 10 ukaenda 12, ongezeko ni dogo, lakini fanya hesabu: 1.2 zidisha kwa 1.2 zidisha kwa 1.2 zidisha kwa 1.2. Utapata 2 na kidogo. Yaani tani mbili za tamaa zinafanya kazi ya lori la pili zima kuibomoa lami. Sisi tuliomeza vumbi na kukwama katika mchanga wa uwandani miaka mingi tukiisubiri lami hiyo, tungekuwa wa kwanza kuionea huruma.

Lakini wengine watasema, "Aa, njia ya kwetu haina mizani, nani atatupima?" Mteremko utawapima. Anayetoka Newala kwenda Masasi anateremka kutoka uwandani. Tela nyingi za shambani hazina breki zake zenyewe, kwa hiyo breki za trekta zinazuia trekta na tela pamoja. Tela likiwa zito kuliko trekta, linalisukuma kutoka nyuma mpaka vinajikunja kama kisu cha kukunja. Hapo dereva hata awe hodari namna gani, hana la kufanya.

Kwa hiyo dereva achague gia nzito kabla ya kuanza kuteremka, siyo katikati. Asiweke nyutro hata kidogo ili "kubana mafuta". Mafuta ya kikombe kimoja si kitu mbele ya roho ya mtu. Pedeli mbili za breki za trekta zifungwe pamoja kwa kile kichuma chake, maana shambani hutumika moja moja, na njiani ukikanyaga moja tu trekta linageuka ghafla. Pini ya kuunganishia iwe na kizuizi chake, siyo msumari. Magunia yapangwe sawasawa: yakizidi nyuma, mkono wa tela unanyanyuka na kuyapunguzia matairi ya nyuma ya trekta nguvu ya kushika; yakizidi mbele, matairi ya mbele ya trekta yanakuwa mepesi mlimani na usukani hausikii. Nyuma ya tela pawe na viakisi mwanga. Na juu ya magunia asikae mtu, hata mama mwenye magunia yake, hata utingo.

ZOEZI
1. Tela lina uzito mtupu wa kilo 1,500. Kibati kinasema kilo 6,000. Gunia lina kilo 80. Mtapakia magunia mangapi?
2. Tela hilohilo lingebeba mapipa mangapi ya maji ya lita 200, kama pipa tupu lina kilo 20?
3. Dereva wa chama chenu ana leseni ya daraja gani, na inakwisha lini? Swali hili msijibu kwa kubahatisha. Mwendeeni, mwombeni awaonyeshe.

Majibu ya 1 na 2: magunia 56, mapipa 20.