Kuhama Bila Kuacha Watu Nyuma

Mkazi wa Fukayosi, kata iliyo kando ya barabara ya Bagamoyo kwenda Msata, akiwa na laini ya Airtel humpigia nduguye mwenye Halotel, na simu inaita. Akimtumia shangazi pesa kwenye M-Pesa, pesa inaingia. Lakini ujumbe alioandika WhatsApp hauwezi kumfikia rafiki ambaye yuko Instagram au X tu. Simu ni ileile na mnara ni uleule. Kwa nini pesa inavuka na salamu haivuki?

Tuanze na hesabu. Chukua watu 1,000 wanaotaka kuzungumza. Ukimuunganisha kila mmoja na kila mwenzake, utahitaji viungo 1,000 × 999 ÷ 2, yaani 499,500. Hakuna wa kumudu gharama hiyo. Ukiwaunganisha wote na kitovu kimoja, unahitaji viungo 1,000 tu. Ni nafuu mno, na unafuu huo ni sababu mojawapo ya mitandao mikubwa ya kijamii kuwa na umbo hili.

Kitovu ninachokisema si mashine moja. Kampuni inayomiliki Facebook ina mashine nyingi zilizotapakaa duniani, ila zote ziko chini ya mamlaka moja. Tarehe 4 Oktoba 2021, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ilikata njia kuu zinazounganisha vituo vyake vya data. Mashine zikaacha kuitangazia intaneti mahali zilipo, na kwa takriban saa sita Facebook, WhatsApp na Instagram zikapotea kwa pamoja duniani kote. Mashine nyingi hazikusaidia kitu, kwa kuwa zote zilitii amri moja.

Sasa wagawe wale watu 1,000 katika makundi 20 ya watu 50. Kila kundi liwe na seva yake, yaani kompyuta inayokaa macho muda wote kupokea na kupeleka ujumbe. Viungo vya watu na seva zao ni 1,000, na vya seva kwa seva ni 20 × 19 ÷ 2, yaani 190. Jumla 1,190. Kwa viungo 190 vya ziada tumepata mtandao ambao seva moja ikianguka, watu 950 wanaendelea kuzungumza. Paul Baran, mhandisi wa taasisi ya RAND ya Marekani, alichora maumbo haya mwaka 1964: la kitovu kimoja, la vitovu vingi, na la wavu.

Kama nyongeza ni ndogo hivyo, kikwazo si nyaya. Kikwazo ni makubaliano, na hapa Watanzania tuna historia yetu. Zamani ukimtumia pesa mtu wa mtandao mwingine, alipokea namba ya siri, kisha akamtafuta wakala wa mtandao wako ili atoe fedha. Mwaka 2014 Airtel, Tigo (ambayo sasa ni Yas) na Zantel zikaanza kupokeana, na mwaka 2016 Vodacom ikajiunga. Kilichoongezeka ni mkataba: ujumbe wa malipo uandikwe vipi, nani athibitishe, nani amlipe nani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza duniani kufanya hivyo, na sioni sababu ya kuridhika na mazungumzo yaliyofungiwa wakati pesa zetu zilishafunguliwa.

Kwa mitandao ya kijamii mkataba wa namna hiyo upo. Unaitwa ActivityPub, na shirika la viwango vya wavuti, W3C, liliupitisha Januari 2018. Mastodon, programu iliyoanzishwa Ujerumani na Eugen Rochko mwaka 2016, ndiyo inayojulikana zaidi kati ya zinazoutumia. Akaunti yako ina anwani yenye sehemu mbili, kama barua pepe: jina lako, kisha jina la seva yako.

Tumfuate Asha, mkulima wa muhogo, anapoandika kwamba majani ya shamba lake yana mabaka ya manjano. Tuseme ana wafuasi 300 walioenea katika seva 20. Seva yake haihitaji kupeleka nakala 300. Inaweza kupeleka moja kwa kila seva, na kila nakala ina saini iliyotengenezwa kwa ufunguo wa siri wa Asha. Seva inayopokea inachukua ufunguo wa wazi wa Asha, jozi ya ule wa siri, na kuhakiki saini. Ikilingana, ujumbe unapita. Hakuna aliyeomba ruhusa makao makuu, kwa kuwa makao makuu hayapo.

Katika utaratibu huu kuna jambo linalowachanganya wageni wengi: seva inajua yale tu yaliyoletwa kwake. Mtu anayeingia leo anakuta kimya, kwa sababu bado hajamfuata mtu, na ukurasa wa mwanzo wa Mastodon hauna mashine ya kumchagulia cha kutazama. Wengi huondoka hapo wakidhani pamekufa.

Dawa ni kutafuta watu kabla ya kitu kingine. Soma kanuni za seva: nani anaiendesha, nani anailipia, matusi yanashughulikiwaje. Jitambulishe kwa Kiswahili, na weka mipangilio ionyeshe kwamba unaandika Kiswahili. Tumia alama ya reli kwenye maneno yanayobeba mada yako, kwa mfano #muhogo au #Bagamoyo, maana mgeni atakupata zaidi kwa njia hiyo. Ukimpata mmoja anayekufaa, angalia anawafuata akina nani. Tena, usiende peke yako. Kiswahili bado ni kidogo humo, na kikundi cha kwaya au cha wakulima kinachohamia pamoja kinafika na mazungumzo yake tayari.

Ninalijali hili hasa kwa sababu ya lugha. Nani anaamua kwamba sentensi ya Kiswahili ni tusi au ni utani? Kazi ya kukagua maandishi ya Facebook kwa lugha kadhaa za Afrika ilifanyika Nairobi kupitia kampuni ya Sama, na mwaka 2023 wakaguzi zaidi ya 180 walifungua kesi mahakamani kuhusu ajira zao. Seva ya watu 50 inaweza kuwa na msimamizi anayejua kwamba maneno makali kati ya watani si ugomvi.

Mipaka yake nayo ni ya kweli. Ujumbe wa faragha wa Mastodon haujafichwa dhidi ya msimamizi. Akitaka anaweza kuusoma, kwa hiyo mambo ya siri yapitie kwingine. Ukihama seva, wafuasi wako wanaweza kuhamishiwa anwani mpya, lakini maandishi ya zamani yanabaki kule. Ni karibu na kuhama kampuni ya simu bila kubadili namba, huduma iliyoanza nchini Machi 2017, ila namba hubaki ileile na anwani hii hubadilika.

Tena mkataba hautengenezi waya uliokatika. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipata hitilafu na intaneti ya Tanzania ikadhoofika sana. Seva iliyoko Ujerumani, umbali wa kilomita 7,000 hivi, siku kama hiyo haimfai mtu wa Fukayosi. Iliyoko Dar es Salaam inaweza kufikika, ikiwa kampuni za simu zinabadilishana data hapa hapa nchini, kazi ambayo kituo cha TIX kimekuwa kikiifanya tangu 2004.

Kompyuta yenye kumbukumbu ya gigabaiti 4 inatosha kuhudumia kikundi kidogo. Atakayeiwasha aulize kwanza mamlaka ya mawasiliano, TCRA, kuhusu kanuni za maudhui ya mtandaoni, na asome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, kwa kuwa kuanzia siku hiyo taarifa za majirani zake ziko mikononi mwake.